Umbali na Mhamo: Kwa Nini Safari Moja Huwa na Vipimo Viwili

Ukiuliza jijini Nairobi kuna kilomita ngapi hadi Mombasa, utapewa majibu yanayopishana, na kila anayejibu atakuwa tayari kulitetea jibu lake. Dereva wa basi la masafa marefu atasema ni karibu kilomita 480, kwa kuwa ndizo anazoziona zikiongezeka kwenye dashibodi yake kila anapoifanya safari hiyo. Mfanyakazi wa reli ya kisasa, ile iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, atasema ni 472, ambao ndio urefu wa reli yenyewe kati ya kituo cha Miritini na kile cha Syokimau. Mwanafunzi aliyeweka rula juu ya ramani na kupima kutoka katikati ya jiji moja hadi katikati ya jingine atapata takriban kilomita 440, kisha atajiuliza zile nyingine zimekwenda wapi.

Hakuna aliyekosea. Dereva na mfanyakazi wa reli wametaja umbali, kila mmoja kwa njia yake, na kwa kuwa njia ni mbili, umbali nao ni aina mbili. Mwanafunzi amepima jambo jingine, ambalo katika fizikia huitwa mhamo, ingawa amelitaja nusu tu, kwa sababu hajasema ni upande gani. Jibu lake kamili lingekuwa kilomita 440 kuelekea kusini-mashariki. Ni kweli kwamba vituo vya reli viko nje ya katikati ya miji, hivyo vipimo hivi havilingani mwanzo na mwisho kwa usahihi wa mita, lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na kona ambazo barabara na reli hulazimika kuzifuata.

Mpaka hapo wengi huelewa bila shida, kwa kuwa kona zinaonekana kwa macho. Ugumu huanza pale kona zinapoondolewa. Katika silabasi ya 8-4-4, mwanafunzi wa kidato cha tatu hufungua somo la fizikia kwa mada ya mwendo katika mstari mnyoofu, na huambiwa mapema kwamba umbali una ukubwa peke yake ilhali mhamo una ukubwa na mwelekeo. Ufafanuzi huo ni sahihi, na mtoto mwenye bidii huukariri kwa siku moja. Lakini ukimuuliza kwa nini atofautishe vitu viwili ambavyo kwenye mstari mnyoofu vinaonekana kuwa kimoja, mara nyingi hunyamaza, na mzazi anayemsaidia kazi ya nyumbani hunyamaza pamoja naye. Naamini chanzo cha ukimya huo ni jambo moja ambalo halisemwi kwa uzito unaostahili: mstari mnyoofu una pande mbili, na kitu kinachosafiri juu yake kinaweza kugeuka.

Tuanze na maneno yenyewe. Mahali pa kitu, katika mwendo wa mstari mnyoofu, ni namba inayoonyesha kitu hicho kiko wapi ukilinganisha na nukta tuliyoichagua kuwa sufuri. Upande mmoja wa sufuri tunauita chanya na ule mwingine hasi, kwa makubaliano tu. Umbali ni jumla ya mita zote ambazo kitu kimepita, bila kujali kimezipita kikielekea upande gani. Mhamo ni mabadiliko ya mahali, yaani mahali pa mwisho toa mahali pa mwanzo. Ukitazama vizuri utaona kwamba umbali unahitaji historia nzima ya safari, na mhamo hauhitaji historia yoyote. Unahitaji nukta mbili tu, ya kuanzia na ya kuishia, na yote yaliyotokea katikati hayauhusu.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha yetu hapa ni akaunti ya M-Pesa. Tuseme asubuhi salio lako ni shilingi 1,000. Ukapokea 5,000 kutoka kwa mteja, kisha ukatuma 3,000 kwa mama nyumbani. Tukiacha kando ada za kutuma, jioni salio ni 3,000. Hapa kuna namba tatu ambazo hakuna mfanyabiashara anayezichanganya. Salio ndilo mahali ulipo. Mabadiliko ya salio tangu asubuhi ni nyongeza ya 2,000, na huo ndio mhamo. Jumla ya fedha zilizopita kwenye akaunti, zilizoingia na zilizotoka, ni 8,000, na huo ndio umbali. Siku ambayo umepokea 5,000 na kutuma 5,000, mabadiliko ya salio ni sufuri, lakini huwezi kusema kwamba akaunti haikutumika. Na siku ambayo umetuma zaidi ya ulivyopokea, mabadiliko huwa na alama ya kutoa mbele yake, ilhali jumla ya miamala haiwezi kamwe kuwa chini ya sufuri. Mwanafunzi anayeelewa taarifa ya M-Pesa ya mama yake tayari anaielewa sehemu kubwa ya mada hii.

Sasa tuirudishe hesabu hiyo barabarani. Mwendeshaji boda boda ana steji yake kando ya barabara iliyonyooka kabisa, inayokwenda mashariki na magharibi. Tunaiita steji sufuri, na mashariki chanya. Anapeleka kifurushi mita 600 upande wa mashariki. Kufikia hapo umbali ni mita 600 na mhamo ni mita 600 chanya. Ukubwa ni uleule, na kama somo lingeishia hapo, kweli kusingekuwa na haja ya maneno mawili. Kisha anageuka. Anarudi akielekea magharibi, anapita steji yake bila kusimama, anaendelea hadi kituo cha mafuta, na kwa jumla amekwenda mita 800 tangu alipogeuka. Umbali wake wote sasa ni mita 1,400. Mhamo wake ni 600 toa 800, yaani hasi 200, kwa maana kwamba yuko mita 200 magharibi mwa mahali alipoanzia.

Alipoanza kurudi, kila mita aliyoipita iliongeza umbali kwa mita moja na kuupunguza mhamo kwa mita moja. Alipofika tena mbele ya steji, mhamo ulikuwa sufuri na umbali ulikuwa mita 1,200. Alipoipita steji, mhamo ulianza kukua tena upande wa pili, ukiwa na alama ya hasi. Jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka ni kwamba tangu alipogeuka, tofauti kati ya vipimo viwili haiwezi kuondoka tena. Hata akiendelea magharibi hadi kilomita 100, umbali utabaki mkubwa kuliko ukubwa wa mhamo kwa mita 1,200 zilezile, ambazo ni mita 600 za kwenda na 600 za kurudi. Hakuna mwendo wowote unaoweza kuufanya umbali uwe mdogo kuliko ukubwa wa mhamo. Vinaweza kulingana, na hulingana pale tu ambapo kitu hakijageuka hata mara moja.

Kutokana na hilo tunaweza kusahihisha dhana potofu ambayo nadhani ndiyo inayowapotosha wengi zaidi, inayosema kwamba katika mstari mnyoofu umbali na mhamo ni kitu kimoja. Unyoofu wa njia hautoshi. Kinachohitajika ni kwamba kitu kisibadili upande. Mwogeleaji katika bwawa la mita 50 huogelea mstari mnyoofu mwanzo hadi mwisho wa mbio za mita 1,500, na bado humaliza akiushika ukuta uleule aliouachia alipoanza, kwa kuwa mita 1,500 ni mapito 30, kumi na tano ya kwenda na kumi na tano ya kurudi. Mhamo wake ni sufuri.

Dhana nyingine inahusu ile alama ya hasi. Wapo wanaodhani mhamo hasi una maana kwamba kitu kimepunguza mwendo, au kimekwenda kinyumenyume, au kwamba mhamo huo ni mdogo kuliko ule wa chanya. Sivyo. Pikipiki yetu ilielekea magharibi ikiwa imetanguliza taa za mbele kama kawaida, pengine kwa mwendo wa kasi kuliko ilivyokwenda mashariki. Alama inataja upande peke yake. Kama tungeamua tangu mwanzo kwamba magharibi ndiyo chanya, mhamo ungeandikwa chanya 200, na mwendeshaji angekuwa amesimama palepale kwenye kituo cha mafuta. Vilevile, tukihamisha sufuri kutoka kwenye steji na kuiweka kwenye kituo cha mafuta, steji itakuwa mahali pa chanya 200 na mwisho wa safari utakuwa sufuri, na mhamo, sufuri toa 200, utabaki hasi 200. Mahali hutegemea sufuri iliyochaguliwa, mhamo hauitegemei.

Wapo pia wanaosema kwamba mhamo ni njia ya mkato. Mhamo si njia. Ukikatiza uwanjani badala ya kuzunguka barabarani, umepunguza umbali uliotembea, lakini mhamo wako kutoka nyumbani hadi dukani ni uleule, upite uwanjani, barabarani, au uzunguke mtaa mzima kwanza. Ukubwa wa mhamo hulingana na urefu wa njia fupi kuliko zote, ile iliyonyooka kati ya nukta mbili, na huenda hapo ndipo dhana hiyo ilipozaliwa, lakini mhamo unabaki hata pale ambapo njia hiyo iliyonyooka haipitiki kwa sababu ya mto au ukuta.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini wanafunzi wazuri, wanaofanya majaribio ya maabara kwa uangalifu, bado hutoka wakiamini kwamba vipimo hivi viwili ni kimoja. Nafikiri sehemu ya jibu iko katika kifaa chenyewe. Katika maabara nyingi za shule zetu mwendo hupimwa kwa tikataima, kile kisanduku kidogo chenye kisindano kinachogonga utepe wa karatasi mara 50 kwa sekunde, kikifuata mapigo ya umeme wa taifa. Utepe umefungwa nyuma ya toroli. Toroli likiteremka kwenye ubao, linauvuta utepe, na vitone hubaki juu yake kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikiwa kimetenganishwa na mwenzake kwa sekunde 0.02. Vikikaribiana, toroli lilikwenda polepole. Vikiachana, lilikwenda kasi. Ni kifaa kizuri sana, na mwanafunzi aliyewahi kuukata utepe vipande vya vitone vitano vitano na kuvibandika bega kwa bega kwenye daftari amejitengenezea grafu kwa mikono yake. Lakini utepe huvutwa tu. Toroli likigeuka na kurudi, haliwezi kuusukuma utepe nyuma. Utepe utalegea na kujikunja, na jaribio litakuwa limeharibika. Kwa hiyo kila jaribio linalofaulu ni la mwendo wa upande mmoja, na katika mwendo wa upande mmoja umbali na ukubwa wa mhamo hulingana. Mtoto huona mwaka mzima kwamba vinalingana, kisha kwenye karatasi ya mtihani huulizwa kuhusu kitu kinachogeuka.

Kitu hicho mara nyingi ni mpira uliorushwa juu. Huu ni mwendo wa mstari mnyoofu ulio wazi kuliko yote, juu na chini, na ndio unaofaa kutazamwa polepole. Mpira unarushwa kwenda juu wima kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde. Tukichukua mvuto wa dunia kuwa mita 10 kwa sekunde kwa sekunde, kama mitihani yetu inavyofanya, na tukiacha upinzani wa hewa, mpira hupoteza mita 10 kwa sekunde za mwendo wake kila sekunde moja inayopita. Baada ya sekunde 2 umesimama angani kwa kitambo kidogo, ukiwa mita 20 juu ya mkono. Kisha unaanza kushuka.

Swali ni hili: baada ya sekunde 3, mpira umekwenda umbali gani? Mwanafunzi huchukua kanuni anayoijua, ile inayosema kwamba s ni sawa na mwendo wa kuanzia mara muda, jumlisha nusu ya mchapuko mara muda mara muda. Mchapuko, yaani kiasi ambacho mwendo hubadilika kila sekunde, ni hasi 10 kwa kuwa unaelekea chini. Anapata 60 toa 45, ambayo ni 15, na anaandika kwamba umbali ni mita 15. Hesabu yake haina kosa hata moja, na jibu lake si sahihi. Herufi s katika kanuni ile ni mhamo. Kanuni imemwambia kwamba baada ya sekunde 3 mpira uko mita 15 juu ya mkono, na hilo ni kweli. Lakini mpira ulipanda mita 20 kwanza, kisha ukashuka mita 5, kwa hiyo umbali ulioupita ni mita 25. Baada ya sekunde 4 kanuni itampa sufuri, na mpira uko mkononi tena baada ya kupita mita 40.

Natamani kila mwalimu angelirudia jambo hili mara nyingi iwezekanavyo: kanuni za mwendo wenye mchapuko usiobadilika hazijui umbali. Zinajua mhamo tu. Anayetaka umbali kutoka kwenye kanuni hizo ana wajibu wa kujiuliza kwanza kama kitu kiligeuka, na kiligeukia wapi, yaani ni wakati gani velositi yake, ile kasi iliyotajwa pamoja na mwelekeo, ilifika sufuri na kubadili alama. Akishaipata nukta hiyo, aigawe safari vipande viwili, apate mhamo wa kila kipande, aondoe alama, kisha ajumlishe. Na mpira uleule ukirushwa na mtu aliyesimama ukingoni mwa paa la jengo lenye urefu wa mita 25, ukampita ukiwa unashuka na kuanguka chini, baada ya sekunde 5 kanuni itatoa 100 toa 125, yaani hasi 25. Mwanafunzi asiyeutambua mhamo hufuta ile alama ya hasi akidhani kwamba ameteleza mahali fulani, ilhali alama hiyo ndiyo inayomwambia kwamba mpira uko chini ya mkono ulioutupa. Umbali katika safari hiyo ni mita 20 za kupanda na 45 za kushuka, jumla 65.

Habari hiyohiyo inaonekana kwenye grafu ya velositi na muda. Mstari unaanzia chanya 20, unashuka kwa mteremko ulio sawa, unaukata mhimili wa muda kwenye sekunde ya 2, na kufikia sekunde ya 4 uko hasi 20. Kuna pembetatu moja juu ya mhimili na nyingine chini yake, kila moja ikiwa na eneo la mita 20. Ukiyajumlisha maeneo hayo huku ukilihesabu lile la chini kuwa hasi, unapata mhamo, ambao ni sufuri. Ukiyajumlisha bila alama, unapata umbali, mita 40.

Nimelitaja neno velositi, na ni vizuri tulifafanue, kwa kuwa tofauti ya umbali na mhamo hurithiwa na vipimo vinavyotokana navyo. Wastani wa kasi ni umbali wote gawanya kwa muda wote. Wastani wa velositi ni mhamo gawanya kwa muda. Tarehe 18 Septemba 2021, katika uwanja wa Kasarani hapa Nairobi, Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 na kuweka rekodi ya Afrika. Mbio hizo ni za mstari mnyoofu usio na kugeuka, kwa hiyo umbali ni mita 100, ukubwa wa mhamo ni mita 100, na vyote viwili, wastani wa kasi na ukubwa wa wastani wa velositi, ni takriban mita 10.2 kwa sekunde. Tarehe 9 Agosti 2012 jijini London, David Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Wastani wa kasi yake ulikuwa karibu mita 7.9 kwa sekunde. Lakini mita 800 ni mizunguko miwili ya uwanja, na anayeikamilisha huishia hatua chache tu kutoka alipoanzia. Wastani wa velositi yake kwa mbio nzima ni karibu sufuri. Mtu anaweza kuona kwamba kipimo kinachompa Rudisha sufuri hakifai kitu. Hakifai kwa kuwasifu wanariadha, hilo ni kweli, na ndiyo maana mbio hupimwa kwa umbali. Mafuta yanayochomwa na matatu, raba inayolika kwenye matairi yake na uchovu wa miguu ya mtembea kwa miguu vyote hufuata umbali. Lakini rubani anayetaka kujua ndege iko wapi, au waokoaji wanaomtafuta mpanda mlima aliyepotea, wanahitaji mhamo kutoka mahali panapojulikana. Kuwaambia kwamba mtu huyo ametembea kilomita 9 bila kutaja upande hakuwasaidii kumpata.

Uhusiano wa ndani zaidi kati ya vipimo hivi viwili unaonekana katika simu iliyo mfukoni mwako. Programu ya teksi au ya kupima mazoezi haina kamba ya kuipimia barabara. Inachopata kutoka kwa setilaiti ni mahali ulipo, tena na tena, kila baada ya muda mfupi. Kutokana na kila jozi ya mahali pawili panapofuatana, simu hukokotoa mhamo mdogo. Kisha huondoa mielekeo, hujumlisha ukubwa wa mihamo hiyo yote, na jumla hiyo huonyeshwa kwenye kioo kuwa ndio umbali wa safari. Kwa maneno mengine, umbali ni jumla ya mihamo midogo midogo iliyonyang'anywa alama, na kadiri mihamo hiyo inavyokuwa midogo ndivyo jumla inavyoukaribia ukweli. Hapo pia ndipo makosa ya vifaa hivyo huzaliwa. Gari likienda mbele mita 50 na kurudi mita 50 kati ya vipimo viwili, simu haitaona chochote, kwa sababu mhamo katika muda huo ni sufuri. Kinyume chake, gari likikwama kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa, kipimo cha setilaiti huweza kuyumba mita chache huku na huku ingawa magurudumu hayazunguki, na programu isiyochuja miyumbo hiyo itaijumlisha kama safari ya kweli. Mhamo kutoka mwanzo hadi mwisho hauathiriki sana na makosa hayo, kwa kuwa miyumbo hairundikani ndani yake.

Kwa Wakenya, kuna siku ambayo tofauti hii iliamua jambo kubwa. Tarehe 18 Aprili 2011, Geoffrey Mutai alishinda marathoni ya Boston kwa saa 2:03:02, huku Moses Mosop, Mkenya mwenzake, akimfuata kwa sekunde 4. Rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa saa 2:03:59, iliyowekwa na Haile Gebrselassie wa Ethiopia jijini Berlin mwaka 2008. Mutai alikuwa ameipiga kwa sekunde 57, katika njia iliyopimwa vilivyo, yenye kilomita 42.195 kamili. Hata hivyo muda wake haukutambuliwa kuwa rekodi ya dunia, na hadi leo wapo mashabiki wanaoamini kwamba alidhulumiwa au kwamba njia ya Boston ilikuwa fupi. Njia haikuwa fupi. Umbali ulikuwa sawa. Kilichokataliwa ni mhamo.

Kanuni za shirikisho la riadha duniani zinataka kwamba mahali pa kuanzia na pa kumalizia, vikipimwa kwa mstari ulionyooka kati yao, visiachane kwa zaidi ya nusu ya urefu wa mbio. Kwa marathoni, nusu hiyo ni karibu kilomita 21.1. Mbio za Boston huanzia mji wa Hopkinton na kuelekea mashariki hadi jijini, bila kurudi, kwa hiyo mhamo wake unazidi kiwango hicho kwa mbali. Kanuni inayofuatana na hiyo inataka mteremko kutoka mwanzo hadi mwisho usizidi mita 1 kwa kila kilomita, yaani mita 42 kwa marathoni nzima, na Boston hushuka kwa zaidi ya mita 100. Hilo nalo ni suala la mhamo, safari hii wa wima. Njia ya Boston ina vilima vya kupanda ambavyo wakimbiaji huviogopa sana, lakini kanuni haihesabu jumla ya miinuko na miteremko; inatazama kimo cha mwanzo na kimo cha mwisho peke yake.

Sababu ya kanuni hiyo ya kwanza inaeleweka ukifikiria upepo. Katika mbio zinazorudi zilikoanzia, upepo unaomsukuma mkimbiaji mgongoni wakati wa kwenda humpiga kifuani wakati wa kurudi, na kile alichokipata hukilipa. Katika mbio za upande mmoja, upepo wa nyuma unaweza kumsaidia kuanzia kilomita ya kwanza hadi ya mwisho, na siku ile ya Aprili upepo ulikuwa nyuma yao. Jitihada za Mutai hazipungui kwa hilo hata kidogo, na mimi sidhani kwamba kuna aliyeziona mbio zile anayeweza kutilia shaka miguu yake. Tarehe 25 Septemba mwaka huohuo, Patrick Makau alikimbia Berlin, ambako mbio huanza na kuishia karibu na Lango la Brandenburg, akatumia saa 2:03:38. Ulikuwa muda mrefu kuliko wa Mutai kwa sekunde 36, na ndio ulioandikwa kuwa rekodi mpya ya dunia.